Panki la Baridi

Kilikufa Jumanne, saa nne asubuhi,
Bwire ndio kwanza kapitiwa na usingizi.
Kilikoroma, kikapiga kwikwi mbili,
kikatema maji ukutani kama mtoto aliyekataa uji,
kikanyamaza.
Nilisimama mlangoni, mwiko mkononi,
nikisikiliza ukimya unavyopata joto.

Nyumba yetu iko Mabatini, juu, mgongoni kwa mawe.
Wenye kamera huyasifu mawe haya.
Waje walale nayo.
Jiwe la Mwanza halidhulumu mtu:
jua lote lililokopa mchana
hulirejesha usiku, na riba.
Hiyo ni zamu yangu na mtoto.
Mchana ni zamu ya bati, na ya Bwire.

Sasa sikia kichekesho.
Mume wangu anafanya kazi kwenye baridi.
Usiku kucha, kiwandani,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
glavu mbilimbili, kofia ya sufu kama mtu wa Makete,
anapanga minofu ya sangara
iende kwa watu ambao kwao kuna theluji.
Samaki aliyekufa analala vizuri kuliko aliyempanga.
Hurudi vidole havijamrudia,
hushika kikombe cha chai dakika nzima bila kunywa,
kisha huingia chini ya bati,
na ikifika saa sita shuka unaweza kulikamua.
Akaanza kusinzia kazini.
Msimamizi aliandika jina lake mara moja.
Mara ya pili hawaandiki. Wanafuta.

Feni tunayo.
Feni huhamisha joto toka kona hii kwenda ile,
kama karani na faili.

Fundi Ndaki alifungua mashine ya nje, akaniita nione:
wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi,
wameganda kwenye mapezi, misimu sita,
mkate mweusi.
"Dada, hiki hakikuugua. Kilizibwa pua."
Kipya: milioni moja na laki mbili,
mabomba mbali, ufundi mbali.
Mimi nilikuwa na laki tatu na arobaini
kwenye kopo la maziwa ya unga,
na humo, elfu sitini ni za sare ya Nyamizi.
Nilihesabu kwa sauti ya chini, zisinisikie.

Kirumba kuna gesti imefungwa.
Warithi wanagombana, wanauza mpaka vitasa.
Tukakikuta ukutani, kimepauka kwa moshi wa sigara,
kimebandikwa namba 9.
Laki tatu na nusu, walisema.
Nikakaa kwenye ndoo. Nikakaa sana.
Laki mbili na nusu.
Kile cha zamani tukakiuza kwa kilo, shaba na bati lake;
mabomba Ndaki akayasafisha, akayarudisha.
Minofu walishakula wengine. Sisi tumenunua panki.
Lakini nani wa ziwa hili anadharau panki?
Ukijua kulikaanga, lina mchuzi wake.

Bwire naye akaomba kiwandani maboksi meupe yaliyovunjika,
akayapanga juu ya dari kama anavyopanga kule,
kwa mstari, bila pengo.
Joto limepungua kabla hatujawasha kitu.
Harufu, usiniulize.
Paka wote wa Mabatini wamehamia kwetu,
wanakesha juu ya bati wakimsubiri sangara
aliyeondoka zamani.

Nawasha saa nne, nazima saa nane.
Luku naitazama kama maziwa jikoni.
Namba 9 sikuibandua.
Jioni nagonga mlango:
mgeni wa chumba namba tisa, chai tayari.
Anacheka. Siku hizi anacheka akiwa amelala.

Sare ya Nyamizi nimeshusha upindo.
Mstari wa zamani unaonekana,
buluu iliyokolea juu ya buluu iliyochoka.
Ameuona.
Alipitisha kidole juu yake, mara moja,
akachukua daftari, akaenda.